Mama Tarehe na Zamu ya Ijumaa

"Hivi jirani, kijito nacho kinataka meneja?"

Swali hilo fundi cherehani wa nyumba ya pili alimwuliza marehemu mwezi Januari 2015, alipomkuta nyuma ya nyumba za mtaa huu, buti miguuni na kamba mkononi, akipima pale ambapo kila nyumba ilikuwa ikimwaga taka. Marehemu hakukasirika. Alisema, "Kinataka, mama. Wa kukitupia ni wengi, wa kukisimamia hayupo." Miaka tisa baadaye alikuwa bado anamjibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake aliyekuwa seremala, na mama yake aliyekuwa mfuaji wa hospitali. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watatu. Akiwa na miaka tisa alichora kwa mkaa kwenye mlango wa bafu zamu za kuoga, na kila mtoto na mstari wake. Siku moja mdogo wake wa mwisho aliruka zamu, akarudishwa nyuma, akaangua kilio. Dada mtu akamwambia, "Lia mwanangu, lakini lilia kwenye foleni." Mdogo mtu anakikumbuka kilio hicho hadi leo, na foleni yenyewe anaikumbuka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, na sekondari hadi 1978. Mwaka 1980 aliingia chuo cha ufundi kusomea ujenzi, wasichana wakiwa wawili katika darasa la watu thelathini na mmoja, akahitimu mwaka 1982. Mwaka 1998, akiwa tayari mama wa watoto watatu, alisoma masomo ya jioni ya usimamizi wa miradi. Mdogo wake, aliyeishia darasa la saba, alimwuliza huko wanafundishwa nini hasa. Akajibiwa, "Mambo matatu tu. Kazi gani, ya nani, lini. Yaliyobaki ni kujaza kurasa."

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi akiwa karani wa stoo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa meneja wa miradi mwaka 1999. Alisimamia ujenzi wa wodi mbili za hospitali, shule, na daraja la waenda kwa miguu ambalo baadhi yenu mmelipita asubuhi hii. Jina la Mama Tarehe alipewa na wajenzi. Mtu akisema, "Tutafanya, mama," alimwuliza, "Tutafanya ni jina la nani? Na tarehe gani?" Mradi wake wa mwisho ulikuwa uwanja wa kuegesha magari. Ulimalizika siku kumi na moja kabla ya wakati, akapewa cheti. Cheti kile hakukitundika. Chini ya lami palikuwa na bwawa dogo la vyura, naye ndiye aliyeweka sahihi lifukiwe. Alimwambia mdogo wake, "Nilimaliza mapema, nikawamaliza na wao." Alistaafu Desemba 2014, na mwezi uliofuata ndipo akaonekana na kamba yake kule kijitoni.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1987. Mume wake, fundi umeme, alikuwa amemwambia kwamba siku moja atakwenda kuzungumza na baba yake. Binti akasema, "Siku moja si tarehe." Fundi akachomoa penseli sikioni, akaandika tarehe kwenye kipande cha mbao. Kipande hicho kipo sebuleni kwao mpaka leo. Mungu aliwajalia miaka thelathini na sita ya kuvumiliana na kuchekana.

Kazi ya kijito aliiendesha kama alivyoendesha ujenzi. Barazani kwake alisimamisha mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, akauchora safu tatu: kazi, mwenye kazi, tarehe. Taka ziliondolewa kwa wiki kumi na nne, mtaa mzima ukitazama kwanza na kushika majembe baadaye. Tarehe 2 Oktoba 2015 watu walipanda miche mia tatu, kwa kuwa ubao ulisema tarehe 2 Oktoba. Mvua ilikuja wiki tano baadaye. Miche iliyopona haikufika arobaini. Fundi cherehani akaja barazani akauliza, "Mama Tarehe, na mvua ulikuwa umeiandikia barua?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Marehemu naye alicheka, kisha akawaita wote, akasema, "Kosa ni langu. Nimeipangia ardhi bila kuisikiliza." Akaongeza safu ya nne, akaiita dalili. Kuanzia siku hiyo hakupandwa kitu mpaka udongo ulowe hadi kwenye kiwiko cha anayechimba.

Sasa, dalili haionekani na mtu anayepita mbio. Kwa hiyo akaandika ubaoni kazi mpya iliyoitwa kukaa. Kila siku mtu mmoja aende kijitoni saa kumi na moja jioni, akae nusu saa bila simu wala jembe, kisha arudi aandike alichokiona. Wengi walisema kustaafu kumemzidi. "Kukaa nako ni kazi?" aliuliza dereva wa lori, lakini akakubali kuanza. Alirudi akasema, "Nimeona usingizi." Marehemu akaandika ubaoni: usingizi. Zamu ya pili dereva aliona kereng'ende. Ya tano, Aprili 2018, alirudi mbio, kiatu kimoja mkononi, akipiga kelele mtaa mzima, "Chura! Mama Tarehe, chura!" Marehemu aliomba aonyeshwe. Alipomwona alichuchumaa pale.

Mdogo wake hakuwahi kuchukua zamu. Alilelewa kuamini kwamba mikono mitupu humchosha Mungu. Kila alipoombwa alisema, "Tutaona, dada."

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alimwuliza daktari, "Tarehe gani?" Daktari akasema, "Mama, hiyo si yangu." Akajibu, "Basi tuangalie dalili." Alitibiwa kwa miezi kumi na sita, na kila alipopata nguvu alikwenda kijitoni siku yake, Ijumaa, mwisho akibebwa na kiti cha magurudumu. Kazi zake ishirini na mbili alizigawa moja moja, kila moja na mwenyewe. Moja ilimshinda kugawa. Kila aliyeulizwa nani atakaa Ijumaa alimwambia, "Usijali mama, sote tutakaa." Jibu hilo lilimnyima raha kuliko maumivu, maana alijua kazi ya sote mwisho wake ni taka kurudi. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na wadogo zake wawili, wa mwisho akiwa ndiye anayewasomea maneno haya. Mungu aliyempa kazi ampe na pumziko lake.

Leo ni Ijumaa. Ubao uko barazani, haujafutwa, na mstari wa saa kumi na moja una jina la mdogo wake. Aliliandika mwenyewe alfajiri, akiwa amekwisha kusali. Ombi hili marehemu alilitoa Jumapili, mbele ya mume wake: "Mkishanizika, msiandike 'sisi sote' kwenye Ijumaa yangu. Andikeni jina la mtu mmoja. Akae nusu saa, kisha awaambie alichokiona."