Selina Nkwabi, Aliyeimba Alipolemewa

Waheshimiwa viongozi wa dini, majirani wa Buhongwa, ndugu na jamaa mliotoka Misungwi, Magu na hata ng'ambo ya ziwa, shikamooni wakubwa. Familia imenituma mimi Luhende, mtoto wa mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, na bintiye mkubwa, Odeta, ameniomba nisipite harakaharaka kwenye habari ya nyimbo zake, kwa sababu wengi wenu mlizisikia na wengi mlizielewa kinyume.

Marehemu Selina alizaliwa tarehe 14 Juni 1962 katika kijiji cha Usagara, Misungwi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi Masele na Mama Teodora, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akarudi shambani na kuingia katika kundi la wasichana waliolimiana kwa zamu. Kundi hilo lilikuwa na desturi yake, kwamba aliyeishiwa nguvu hakusema amechoka, bali alianzisha wimbo wa polepole, wenzake wakaitikia na kupunguza mwendo wa majembe, naye akapata pumzi bila kuaibika. Selina alikuwa mwembamba kuliko wote, kwa hiyo nyimbo nyingi zilianzia kwake.

Ndipo alipopita Machibya, fundi mwashi kutoka Mwanza, akaisikia sauti ile, akajisemea kwamba msichana mwenye furaha namna hii hawezi kumkosesha mtu usingizi, kumbe mwenzake alikuwa hoi. Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1984, wakajaliwa watoto watatu, Odeta mwaka 1986, Ngosha mwaka 1989 na Dorcas mwaka 1993. Machibya aliujua ukweli walipokuwa wakijenga nyumba hii, siku aliyokaa kivulini akausifu wimbo wa mkewe, mkewe akiwa amebeba matofali, na tunaambiwa hakukaa tena kivulini hadi nyumba ikaezekwa.

Kuanzia mwaka 1988 hadi alipostaafu mwaka 2022, marehemu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huko Butimba, ambako wanafunzi wageni walifurahi kusikia jiko linaimba, lakini wa kidato cha nne walijua kwamba kuni zimelowa na maharage hayajaiva, wakaanza mapema kutafuta cha kutafuna. Kwaya ya kanisani ilimfuata mara kwa mara, naye akaikatalia akicheka, akisema yeye akiimba yuko kazini.

Tarehe 3 Agosti 2009 Machibya alifariki dunia, na Selina akaimba asubuhi hadi jioni, mpaka mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mjane anasherehekea. Odeta, aliyekosa pa kuuweka uso wake, alimwomba anyamaze, na hapo mama akaweka ufagio chini, akamsimulia habari za kundi la Usagara, akamalizia kwa maneno ambayo Odeta ameniruhusu kuyasoma: "Ukinisikia naimba, mwanangu, njoo unishike mkono. Ukinikuta kimya, niache, nimeshiba." Mama na mwana walilia pamoja siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mwezi Septemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, na Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa katika hospitali ya rufaa hapa jijini, ambako aliimba kutwa, wauguzi wakampenda, wagonjwa wakapata moyo, na kila mtu akasema bibi anaendelea vizuri. Odeta alifika kutoka Kirumba, kwenye biashara yake ya dagaa, akaisikia sauti tangu koridoni, na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mama ataondoka na maumivu ambayo watu wanayapigia makofi. Hakuingia hata wodini, alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akamwambia, "Daktari, mama anaumia sana, anaimba." Daktari alishangaa, lakini alikuja, akakaa kando ya kitanda, akauliza taratibu, na Selina akakubali kwamba usiku na mchana hapati nafuu, ila hakupenda kusumbua watu. Dawa ikabadilishwa, kesho yake wodi ikawa kimya, wagonjwa wenzake wakamwendea Odeta wakilia, wakidhani mama amekata tamaa, naye Odeta akalia kwa furaha.

Alirudi nyumbani, akakaa barazani akila matobolwa yake, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akipokea wageni na kumkosoa Ngosha kwa jinsi anavyosonga ugali, na Jumanne asubuhi, tarehe 11 Machi 2025, akatutoka akiwa ameegemea bega la Odeta, kimya kabisa. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunamshukuru daktari yule aliyekubali kusikiliza, wauguzi wote, majirani mliolala hapa nasi, na wapishi wenzake wa Butimba mliosimamia jiko la msiba huu. Muda si mrefu kwaya itaanza, nasi familia tutaitikia kwa sauti kubwa, na mpita njia akidhani hapa pana harusi mwacheni, maana leo tuliolemewa ni sisi. Wewe, Mama, nyamaza, upumzike kwa amani.