Mtoto Aliyebeba Jina Langu

Zima hiyo redio, Kagure mkaza mwanangu, uketi hapa miguuni pangu, na wewe Elphas mwanangu uache kusimama mlangoni kama mtu anayengoja gari, na Mukami binti yangu unishike mgongo nikae wima kidogo, maana maneno niliyo nayo leo hayasemwi mtu akiwa amelala chali. Aliyowaambia daktari wa Embu nimeyasoma machoni mwenu, msijisumbue kunificha. Sikilizeni, basi, wala msinikatize. Nilifundisha watoto miaka thelathini na minne bila kuwapandishia sauti, lakini leo nina hasira, na nisipoitoa nitaondoka nayo.

Ya mashamba ni mafupi. Kipande cha juu, chenye vichaka vya muguka, ni cha Mukami, na mtu asimwambie kwamba binti harithi, kwa sababu miezi hii yote ndiye aliyenigeuza kitandani. Hapa nyumbani na penye pojo ni pako, Elphas. Cha kule Kiambere, karibu na bwawa, ni cha kaka yenu Njiru, na atakayesogeza mpaka wake kwa kuwa yeye si mtu wa kusema, ajue kwamba nimemkataza nikiwa na akili zangu timamu. Mbuzi mtagawana. Ya mali yamekwisha. Sasa tuseme ya mtoto.

Elphas, binti yako ana miaka tisa. Ulimpa jina langu, Wambeti, kama desturi yetu inavyotaka, na kwa sababu hiyo unamwita mama. Asubuhi unamwita mama, jioni unamkaripia mama yako kwa kupata tisini na sita! Umeliacha bango lenye uso wake litundikwe pale njia panda ya Gachoka, na tai shingoni, kama tangazo la sabuni, nawe unasimama chini yake ukipokea pongezi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona wewe unakitembeza chema?

Na siku ile tulipomzika mzee Ngari, nani alimsukuma mtoto mbele? Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikasikia kwa masikio yangu mwenye kipaza sauti akisema, "Haya, kompyuta yetu, tuambie, marehemu ameishi siku ngapi?" Mtoto akaliangalia jeneza, akafumba macho, akasema elfu ishirini na tisa, mia tano themanini na tano. Watu wakapiga makofi. Makofi, kaburini! Nawe ukapiga kuliko wote.

Kesho yake alinijia jikoni, akashika upindo wa leso yangu, akaniuliza, "Cucu, na wewe zimebaki ngapi?"

Hamkulijua hilo. Mtoto mwenye akili ya namna hiyo huona mbali, lakini hana kifua cha kubeba anachokiona. Akili yake ina miaka kumi na mitano, moyo wake una tisa, na akiogopa, kibofu chake kina minne. Ndiyo, Kagure, najua kuhusu godoro unaloanika nyuma ya zizi. Ninazijua na kucha zake alizozitafuna mpaka damu. Nawe Elphas unasema, "Mwenye akili nyingi halii kwa vitu vidogo."

Unajua maneno hayo yalitoka wapi? Yalitoka kinywani mwangu. Usiinamishe kichwa, nitazame.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Njiru alikuwa hivyohivyo. Akiwa na miaka sita alisoma Biblia kanisani, nami, mwalimu mzima, mwenye cheti ukutani, nikamrusha darasa mara mbili. Ilikuwa sifa yangu, si yake. Akakaa na wavulana wakubwa waliomfichia viatu na kumwita yai. Akaja kuniomba, kwa adabu, nimrudishe kwa wenzake waliokuwa wakicheza naye mpira wa matambara, nami nikamjibu maneno hayo. Hakuomba tena. Alifaulu hadi chuo kikuu, kisha mwaka wa pili akarudi na begi moja, akateremka Kiambere, na leo anauza samaki na hataki kushika hata gazeti la kufungia. Watoto wa watu wengine niliwabembeleza. Wangu nilimpanda kama punda. Hilo ndilo deni langu, na sikulilipa.

Na wewe, Elphas, nilikukosea kwa upande wa pili. Kila siku ulisikia Njiru hivi, Njiru vile, ukala chakula chako kivulini mwa kaka yako. Naomba unisamehe. Lakini usimpandishe binti yako juu ya paa ili mimi nikuone wewe. Nimekuona, mwanangu. Nimekuona.

Sasa, Jumatatu unataka kumpeleka bweni kule Meru, aruke madarasa mawili. Usiniambie "lakini mama". Nakataa. Nimebeba jina hilo kabla yake, na kwa desturi hiyohiyo uliyoifuata, mimi ni yeye; basi nasema kwa niaba yake, kwa kuwa yeye anakuogopa: siendi. Pojo ikitoa maua, hatuchumi. Akae na watoto wa rika lake. Akiuliza jambo gumu, mtafutie kitabu. Na usipojua, sema sijui, apumzike kwa kujua kwamba hata baba hajui. Akikosea, cheka naye. Akilia, mpakate. Bango ulitoe leo. Na pasiwe na mtu atakayemwita kompyuta kwenye mazishi yangu. Atakayemwita, Mukami, mnyang'anye kipaza sauti.

Mukami, nilaze sasa. Polepole.

Umesema nini, Elphas? Sema kwa nguvu, sikio hili limeanza... Haendi? Rudia mbele ya mkeo. Haendi. Vema. Mungu na dada yako wamesikia.

Nilitaka kumbariki mwenyewe. Yuko wapi? Huyo anayecheka huko nje ni nani? Ni yeye? Anaruka kamba na watoto wa jirani... Hapana, Kagure, usimwite. Keti. Tangu mazishi yale sijamsikia akicheka. Mwacheni.

Lete kiganja chako, Elphas. Karibu zaidi, pumzi ni chache. Mate ya mzee ni baraka, haya ni ya mwisho... Ngai awalinde wote, na Njiru mkamwambie mama alisema amekosa. Awape mvua... awape kupendana.

Funga kiganja, kisikauke. Akichoka kuruka, akija mwenyewe, umpake kwenye paji la uso. Umpake tu, mwanangu. Usimwulize kitu.