Samaki wa Kuchonga wa Noeli Madeje

Wasikilizaji wapendwa, Bwana asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wazee wetu wa vijijini, mbukwenyi. Sogezeni viti karibu na redio.

Wiki iliyopita tumemzika Noeli Madeje, fundi baiskeli wa Mkonze. Noeli Madeje, mume wa Sidonia, baba wa Daudi. Wengi wenu mnamkumbuka kwa jambo moja tu, na hilo lenyewe mnalisimulia vibaya. Mjane wake ameomba lisimuliwe hapa sawasawa. Nami nimekubali.

Noeli alizaliwa katika nyumba ya ng'ombe. Kwao samaki hakuliwa. Mama yake, Bibi Loisi, ambaye bado yu hai, akisikia harufu ya samaki hutoka nje. "Sisi tunakula chenye kwato," husema. "Hicho chenu ni nyoka aliyenenepa."

Basi huyo mtoto wa wafugaji ndiye aliyekuja kupenda uvuvi. Ilianzia kwenye simu ya Daudi. Kijana alimwonyesha Wazungu wa nchi za baridi wakivua samaki mrefu, mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa. Hawatumii nyungunyungu wala utumbo wa kuku. Wanatumia samaki wa kuchonga. Wanamtupa, wanamvuta, anayumba majini kama mgonjwa, na yule mkubwa anamrukia. Noeli alitazama mpaka chaji ikaisha. Kisha akasema, "Kambare wa bwawa la Hombolo naye ana tamaa."

Akaanza kuchonga. Mwili, mti mwepesi. Mgongo, soli ya kandambili. Mkia, singa za ng'ombe. Ndoana alizifunga tumboni kwa spoki ya baiskeli, na chini ya kidevu akapachika kipande cha kijiko ili maji yamtikise. Alikuwa akiwajaribu kwenye pipa la maji la Sidonia. Mmoja alizama kama jiwe. Mwingine alilala chali.

"Baba Daudi," Sidonia akamwambia, "huyu amekufa kabla ya kuvua."

Lakini alipatikana mmoja aliyeyumba vizuri. Hapo Bibi Loisi akatoa ushauri. Katika nyumba yao kitu kipya hupakwa samli. Mtoto mchanga hupakwa, kigoda hupakwa, kibuyu hupakwa. Basi Noeli akampaka samaki wake samli mpaka akang'aa. Bwawani Hombolo mafuta yakaelea juu ya maji. Mvuvi wa nyavu, jina lake Abuu, akamwambia, "Mzee Noeli, unakaanga kabla hujavua?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Noeli alikuwa mzee wa kanisa. Ulikuwa wakati wa mavuno, watu wanaleta malimbuko madhabahuni: mtama, karanga, zabibu. Yeye akasimama, akasema kambare wa kwanza atakayenaswa na samaki wake wa kuchonga atakuwa malimbuko ya Bwana. Watu wakapiga makofi. Ahadi ikawa imetoka.

Jumamosi hii Hombolo. Jumamosi ile Hombolo. Kambare hakuna. Alibadilisha rangi, akakunja kijiko upya, akaacha samli. Kambare hakuna. Charles, yule anayeendesha mnada wa sadaka nje ya kanisa, akawa anamwuliza mlangoni, "Mzee, tuandae sufuria au tuendelee kufunga?"

Alivumilia. Kisha akashindwa. Jumamosi moja alimnunua kambare kwa Abuu, akamtoboa mdomo kwa ndoana yake, akamwacha yule wa kuchonga ananing'inia mdomoni. Jumapili akamlaza madhabahuni. Mchungaji akamwombea. Nje, Charles akamwinua juu: "Huyu amekamatwa kwa imani na kisu cha kuchongea." Watu wakashindana kumnunua. Akina mama wakampa Sidonia mkono wa pongezi.

Naye Sidonia alikuwa ameshaona. Shingoni mwa yule kambare palikuwa na alama ya wavu.

Nyumbani alimwambia mumewe maneno haya: "Baba Daudi, umemshukuru Mungu kwa kazi ya Abuu."

Meza ya Bwana ilipoandaliwa, Noeli hakwenda. Alibaki kwenye benchi. Ilipoandaliwa tena, akabaki tena. Mzee wa kanisa, wasikilizaji, anawapisha wenzake wapite, yeye anatazama viatu vyake.

Watu wakaanza kutafuta sababu. Na sisi watu wa kanisa tukitafuta sababu, huwa hatwendi mbali. Ikasemwa Noeli ana mwanamke Hombolo.

Akina mama wa ushirika wakaja kwa Sidonia na sukari na khanga. Aliyetangulia ni Evelina. "Mama Daudi, jikaze. Huyo wa Hombolo tumeshamsikia."

"Huyo nani?"

"Usijitie hujui, dada. Mtu gani anafuata samaki asiyeonekana kila Jumamosi?"

Sidonia ananieleza hivi: "Nilikuwa na neno moja la kusema, nikalimeza. Nikisema kweli, namvua mume wangu nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, mimi ndiye mke aliyeachwa."

Jioni aliweka ile sukari mezani mbele ya Noeli. "Hii ni rambirambi ya ndoa yangu," akasema.

Noeli akaitazama. "Waache waamini hivyo."

"Yaani afadhali uitwe mzinzi, kuliko kujulikana ulinunua samaki?"

"Mzinzi husamehewa, Mama Daudi. Mimi nitachekwa."

Sidonia hakugombana naye. Aliwasha jiko, akapika chai, akaiacha bila sukari. Pakiti ya Evelina ikakaa pale mezani haijafunguliwa. Noeli akawa anakula anaiangalia.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama. "Yule samaki sikumvua. Nilimnunua kwa Abuu. Na Hombolo sina mwanamke. Nina aibu tu."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya. Kikafika nyuma, kikarudi mbele. Mchungaji peke yake hakucheka. Evelina aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Noeli alisimama mpaka kikaisha, ndipo akakaa. Aliacha uzee wa kanisa, akarudi Meza ya Bwana. Heshima ya Sidonia ilirudi siku ileile. Yake haikurudi. Watoto wa Mkonze wakampa jina Malimbuko. Na watu wazima wakalidaka.

Hayo ndiyo mnayoyajua. Sasa hili hamlijui.

Hombolo hakuacha kwenda, ila sasa alikwenda na mkewe. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, yule wa kuchonga alivutwa chini. Noeli akavutana naye mpaka magoti yakaingia matopeni. Kambare mkubwa, ndoana zote ndani ya mdomo, wavu haujamgusa. Sidonia alikuwa pale. Aliona kwa macho yake.

"Tumpeleke kanisani," akasema.

Noeli akakaa chini. "Nani ataamini?"

"Mimi nimeona."

"Wewe ni mke wangu."

Wakamfunga kwenye khanga, wakapita njia ya nyuma wasikutane na mtu. "Tulimla tumefunga mlango," ameniambia Sidonia, "kama watu walioiba."

Wasikilizaji wapendwa, samaki wa ahadi ile alipatikana, na aliyemvua akaogopa kumleta kwetu. Hakumwogopa Mungu. Kwa Mungu alikuwa ameshaungama. Alituogopa sisi. Mtu alisema uongo mara moja, akautubu amesimama, na sisi tukamwachia jina la ule uongo mpaka kaburini. Siku ya maziko, pale makaburini, nimemsikia mtu mzima, tena mwenye Biblia mkononi, akinong'ona, "Malimbuko ameondoka." Na waliokuwa karibu naye walitabasamu.

Sidonia, mama, pole. Ujane ni njia ninayoijua; nenda polepole, Bwana yuko mbele yako. Daudi, pole. Bibi Loisi, shikamoo, na pole kwa kumzika uliyemzaa. Na sisi wengine, kabla ya kulala leo, kila mmoja amkumbuke mtu aliyewahi kukiri kosa mbele yake. Ajiulize leo anamwita huyo mtu jina gani.

Aliitwa Noeli. Noeli Madeje, fundi baiskeli wa Mkonze. Alimvua yule kambare.