Marselino Ndaki, Mwindaji Aliyeajiriwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na nusu jioni, Bwana Marselino Ndaki atarudisha stoo kofia ngumu, buti, koleo refu la kushikia nyoka na redio namba saba. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya kuzaliwa, na miaka ishirini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini na sita katika Idara ya Mazingira ya Mgodi wa Bulemya. Hizo siku ishirini na sita amezihesabu mwenyewe. "Ziandike zote," aliniambia, "maana mbili kati yake nilizimalizia chini ya kontena."

Kwenye mkataba cheo chake ni Mdhibiti Wanyama. Kantini wanamwita Mwindaji. Wenye heshima wanamwita Baba Limi. Kazi yake ni rahisi kuieleza: kiumbe chochote kisicho na kitambulisho cha mgodi kikivuka uzio, kikamatwe kizima, kipelekwe porini, na fomu ijazwe.

Anayeandika ni mimi, Vumilia. Najitolea ofisini tangu Februari huku nikisubiri kupangiwa kidato cha tano. Injinia Serafina, meneja wetu, alinipa kazi ya kuandika karatasi hii, itakayogawiwa kwenye hafla ya kumuaga, kwa kuwa nimesoma shule ya Kiswahili na shule ya Kiingereza, akaamini nitajua pa kuweka mkato. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Si maringo. Nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia, lakini kuandika naandika.

Niseme kwanza lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka. Mezani kwa Injinia Serafina kuna mkataba wa miaka miwili unaosubiri saini. Mgodi unataka Baba Limi astaafu Ijumaa na arudi Jumatatu akiwa mshauri. Mshahara unabaki palepale, redio inabaki palepale. Abdulshakur wa stoo ameshamtengea buti mpya namba nane na anaapa hatazivaa mwingine. Mwenyewe hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila akiulizwa anauliza nyoka yuko wapi.

Alizaliwa Samuye, kwa wafugaji na wakulima. Kuwinda hakufundishwa na mtu kwa ajili ya mshahara. Alikuwa anakwenda na rafiki yake Stanslaus kila Jumapili baada ya misa, na mbwa wawili, kufuata kanga na kwale, na nungunungu waliokuwa wakimaliza viazi mashambani. Kundi lao la vijana lilikuwa na utaratibu mmoja ambao sijausikia kwingine. Wakirudi, nyama haikatwi mpaka aliyekosa aseme. Anaanza yeye, si aliyepata. Anasimulia alivyonyata, alivyovuta upinde, alivyokosa, na kama aliteleza akakalia miiba anasema hivyohivyo. Akimaliza ndipo wanamcheka, na kipande cha kwanza ni chake.

"Kwa hiyo mtu alikuwa anaweza kukosa makusudi?" niliwahi kumuuliza.

"Stanslaus alikosa makusudi miaka minne," alinijibu. "Ana mwili, umemwona?"

Mwaka 2002 mgodi ulitangaza unatafuta mtu wa kukamata wanyama. Waombaji wenzake walikuja na vyeti. Yeye alikuja na soksi zenye miiba ya nungunungu. Anasema siku alipopata ile kazi alicheka njia nzima kurudi nyumbani, kwa sababu walikuwa wanataka kumlipa kwa kitu alichokuwa anatoroka kulima ili akifanye. Mkewe, Mama Paskazia, alimuuliza mara tatu kama ameisoma vizuri barua.

Na miaka ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Mnakumbuka nungunungu aliyeingia kwenye mfereji wa nyaya za umeme karakana, mitambo ikazimwa nusu siku. Mafundi walileta kamera ya kuingiza kwenye mabomba. Baba Limi alivua shati, akajipaka vumbi, akaingia kichwa mbele kama alivyokuwa akiingia kwenye mashimo ya Samuye, akatoka kinyumenyume na mnyama ndani ya gunia. Mnakumbuka pia nyoka aina ya fira aliyelala kwenye boksi la glavu stoo. Abdulshakur anasema alibaki mtulivu. Walioshuhudia wanasema alikuwa juu ya rafu ya tatu, amekumbatia kofia ngumu kumi na mbili, akipiga kelele, "Mzee, mchukue, na boksi lichukue, na stoo yote ichukue!"

Kwa hesabu za ofisi, amehamisha wanyama zaidi ya elfu moja na mia tisa wakiwa wazima: chatu, kenge, fungo, nyegere, tumbili wa kantini waliokuwa wakijua siku ya chapati, na kiboko mmoja aliyekaa kwenye bwawa la maji siku tisa kama aliyepangishwa. Amefundisha walinzi wote wa uzio kutofautisha nyoka wa kumkimbia na nyoka wa kumwacha apite. Hakuna mfanyakazi aliyepoteza maisha kwa nyoka ndani ya mgodi huu tangu aanze. Hilo peke yake lingetosha kuandika karatasi hii.

Lakini mimi nilikuwa na swali langu. Mimi nachora ndege. Nimewachora tangu darasa la nne, nyuma ya madaftari, na baba yangu, dereva wa lori la maji hapa mgodini, amekwisha kuamua kwamba nikasomee wanyamapori, nilipwe kwa kile ninachokipenda. Kila mtu anasema ni bahati. Mimi naogopa, na sijui kumwambia baba kwamba naogopa. Basi Machi, tulipokuwa tunapeleka nyegere mlimani, nikamuuliza Baba Limi kwenye pikapu kama kazi ilimharibia uwindaji. Niliuliza nikiangalia nje dirishani. Alipunguza mwendo, nikajua nimekosa adabu. Kisha akaanza kunisimulia habari ya fomu.

Fomu ya kukamata mnyama ina visanduku: aina, mahali, saa ya kuitwa, saa ya kumaliza, matokeo. Mwaka 2008 chatu alionekana kwenye pampu ya bwawa. Baba Limi alimfuata siku tatu. Alimwona mara mbili, mara moja akamgusa mkia. Siku ya nne mvua ilifuta alama zote. Anasema zilikuwa siku tatu nzuri kuliko zote tangu aajiriwe. Akaketi, kwenye kisanduku cha matokeo akaandika: Amenishinda.

Meneja wa wakati huo alimwita.

"Nani amekushinda?"

"Chatu, bosi."

"Sasa makao makuu niwaambie nini?"

"Waambie hivyohivyo. Ni chatu mwenye akili."

Meneja alimrudishia fomu na kumwelekeza aandike "kazi inaendelea". Kuanzia hapo kila mnyama aliyemtoroka alikuwa ni kazi inayoendelea, na kila kazi inayoendelea ilikuwa na barua ya kuuliza kwa nini inaendelea. Si ubaya wa mtu. Pampu ina mafundi, mafundi wana watoto, nyoka hawezi kuachwa eti kwa kuwa ana akili. Baba Limi mwenyewe anasema angekuwa yeye meneja angefanya vilevile. Basi akajifunza kutokosa. Akaweka mitego miwili pale alipokuwa akiweka mmoja, akaanza kutazama saa akiwa ananyata. Akawa bingwa. Cheti cha mfanyakazi bora wa mwaka 2009 kipo ukutani, kulia kwa kalenda.

Mwaka huohuo, Jumapili moja, alikwenda Samuye kuwinda na Stanslaus kama zamani. Kanga waliruka miguuni mwao, kundi zima, karibu ishirini. Stanslaus akavuta, akakosa. Akaanza kucheka mwenyewe, akijiandaa na hadithi ya jioni. Baba Limi akamgombeza. Alimgombeza kama msimamizi wa zamu: kwa nini umesimama kwenye upepo, kwa nini hukusubiri, unajua tumepoteza dakika ngapi hapa? Aliniambia maneno hayo akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na aibu bado ilikuwepo usoni, miaka kumi na sita baadaye.

Stanslaus alirudisha mishale yake podoni mmoja mmoja. "Marselino," akasema, "wewe umekuja kazini. Mimi nimekuja kuwinda." Akawaita mbwa, akaenda zake.

Upinde ukapanda darini. Wakaendelea kusalimiana misibani na kwenye harusi, shikamoo za watoto zikapokelewa pande zote, lakini porini hawakwenda tena. Jumapili zikawa za redio namba saba. Mama Paskazia anasema kitu kilichomuuma si hizo Jumapili. Kilichomuuma ni kwamba mume aliyekuwa akisimulia mpaka ugali unapoa alikuwa sasa akirudi jioni, akiulizwa wangapi leo, anajibu, "Wawili," na kunawa mikono.

Sitaki msomaji afikiri kazi hii haikumpa kitu. Imemsomesha mwanawe Limi mpaka akawa muuguzi. Imejenga nyumba ya bati Samuye na kisima ambacho majirani wanachota. Yeye mwenyewe ananikataza kuandika kwa huzuni. "Nilikula vizuri, mayu," aliniambia, na hilo neno la Kisukuma la kumwita binti kama mama yake mzazi huwa analitumia anapotaka nimsikilize. "Kazi haikuniibia. Nilikwenda kuiuzia mwenyewe, na bei ilikuwa nzuri. Ila mtu asiyeruhusiwa kukosa, huyo hawindi. Huyo anaokota kuni."

Nikamuuliza, na ndege zangu je? Akasema yeye hajui habari za ndege wa karatasi, nikamwulize mwenye kalamu. Kisha akafungua mlango wa nyuma, nyegere akatoka akiwa na hasira, akajaribu kung'ata tairi, akaondoka. Sijapata jibu langu bado. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwambia baba kwamba sijui ninachotaka. Alisema sawa, tutaona. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Desemba iliyopita, akiwa likizo, Baba Limi alivaa shati la kanisani na kwenda kwa Stanslaus, kibali cha kuwinda ndege kikiwa mfukoni. Alisimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kuomba msamaha wa kanga wa mwaka 2009."

Stanslaus alilitazama lile shati la kanisani. "Yule ameshapata vitukuu," akasema. "Shusha upinde wako, twende."

Walitembea tangu asubuhi. Mbwa ni wengine, magoti ni mengine. Saa nane kwale alitoka kwenye majani hatua kumi mbele yao, ndege mnene anayeruka kwa uvivu, ambaye hata mimi pengine ningempata. Baba Limi akavuta, akaachia, akakosa. Mshale ukaingia kwenye kichuguu na kuvunjika. Jioni kulikuwa na kuku wa Stanslaus, maana porini hawakupata hata unyoya. Baba Limi akaanza kusimulia. Mama Paskazia anasema alisimulia kwa dakika arobaini kwale mmoja, akainuka mara mbili kuonyesha, akamwaga mboga, na Stanslaus akamwuliza mbele ya wake zao kama mgodi unajua umemwajiri nani. Mama Paskazia alitoka nje kidogo kufuta macho. Akasema ni moshi.

Sasa nafika kwenye mkataba, na hapa lazima niungame. Injinia Serafina aliisoma karatasi hii Jumatano na kuipitisha. Aya zilizobaki nimeziongeza Alhamisi, na Abdulshakur, ambaye ndiye mwenye mashine ya kuchapa, amefumba jicho moja.

Jumanne Baba Limi alinikuta ofisini peke yangu. Akasema ameshindwa kumjibu Injinia Serafina usoni, kwa sababu amemtendea mema miaka sita, na kila akifungua mdomo anamwona anavyotabasamu. Akauliza kama ninaweza kumwandikia. Tulitazamana, waoga wawili katika chumba kimoja, nikasema ndiyo.

Injinia Serafina, jibu lake ni hapana. Anakushukuru kwa mkataba, na anasema ni mzuri mno, ndiyo maana anauogopa. Shamimu na Adam wa ulinzi amewafundisha kwa miezi kumi, na kwa chatu anasema Shamimu ana mkono mtulivu kuliko wake. Anaomba jambo moja tu kwa ajili yao: kwenye fomu kiongezwe kisanduku cha mnyama aliyetoroka, kisichohitaji barua. Abdulshakur ameniomba niongeze kwamba buti namba nane zimepata mtu, ni yeye. Ukinitafuta baada ya kusoma hapa, nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na safari hii nitajibu kwa mdomo.

Baba Limi, kwa niaba ya Idara ya Mazingira, karakana, stoo, kantini na wote uliotutolea nyoka chini ya vitanda bila kumwambia mtu tulivyopiga kelele, asante. Nenda Samuye salama na Mama Paskazia. Tunakutakia afya, miguu isiyouma, na siku nyingi ambazo hakuna mtu hata mmoja anayejua uko wapi.