Gumba na Kitabu cha Mkono Mmoja

Ndugu, majirani, wenzake wa kiwandani, na ninyi wapanda miamba mliokuja na vumbi kwenye viatu: mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Alishanionya nisiseme maneno mengi siku hii ikifika. Nikirefusha, mjue ni kwa sababu leo hana la kunifanya.

Kaka yetu Gumba alizaliwa tarehe 3 Juni 1965 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa dereva wa treni ya mizigo na mkewe. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa kuwa alinyonya kidole gumba kutwa kucha. Mama alikipaka shubiri. Gumba akaonja, akakunja uso, akahamia kidole cha mkono wa pili. Habari hiyo mama amemsimulia kila mgeni aliyefika kwetu, wakiwemo wakwe.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari, ambako mwalimu wa jiografia alimpa kazi ya kuchora ramani ubaoni kwa sababu mwandiko wake ulisomeka hadi dawati la nyuma. Mwaka 1988 alihitimu chuo cha uchapaji akiwa msanifu kurasa, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, ghorofa ya kwanza, katika chumba chenye dirisha moja na harufu ya wino isiyotoka hata kwa sabuni ya unga.

Huko ndiko chama cha wapanda miamba kilikopeleka kitabu chao cha mwongozo kichapwe: picha za miamba, mistari ya njia zinazopandika, maelezo ya pa kushika na pa kufunga kamba. Gumba alisema hawezi kupanga kurasa za kitu asichokielewa. Akaenda kuuona mwamba Jumamosi moja, na tangu hapo Jumamosi zake hatukuzipata tena.

Mwambani alikutana na shemeji yangu, fundi wa kushona mahema, aliyekuwa akimshikia kamba kutoka chini. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Shemeji husema alimwamini upesi, maana mwanamume aliyening'inia kwenye kamba yako hana nafasi ya kukudanganya.

Simu za kioo zilipoenea, chama kilimwomba akiingize kitabu ndani ya simu. Aliupiga picha kila ukurasa na kuuweka ulivyo. Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi. Jumamosi iliyofuata alikuwa katikati ya ukuta wa mwamba, mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine umeshika simu, na maandishi ni madogo kama chembe za sukari. Kuyakuza kulitaka mkono wa tatu. Akatumia pua. Ukurasa ukaruka, ukaja wa mwamba mwingine kabisa, naye akaufuata.

"Unakwenda wapi wewe?" shemeji alimuuliza kutoka chini.

"Nafuata kitabu."

"Kitabu cha nani? Huko hakuna njia."

"Changu," alijibu, na hapo ndipo aibu ilipomshika.

Shemeji alimshusha salama. Lakini Gumba aliingiwa na hofu, na hakuificha. Mtu mwingine, asiye na shemeji chini yake, angeweza kufa kwa kosa lile. Akakifuta kitabu chote na kuanza upya. Maandishi yakawa ya kusomeka juani, na kila kitu kikafikiwa na kidole gumba kimoja. Kitabu kilifunguka bila mtandao, kwa kuwa, alivyosema, mwambani hakuna duka la vocha. Njia ya kushuka, ambayo vitabu huibana chini ya ukurasa, yeye aliiweka juu kabisa. Aliye kileleni huku mvua inakuja hana muda wa kutafuta. Shemeji akashona mfuko wa simu wenye uzi wa kuvaa shingoni.

Sisi ndio tuliofanyiwa majaribio. Alitusimamisha sebuleni, mkono mmoja umebeba ndoo ya maji, vidole vimepakwa chaki kama wapandaji wanavyojipaka wasiteleze, tutafute njia ya kushuka ndani ya simu. Baba, ambaye hata ngazi ya nyumbani alipanda kwa kulalamika, alikwama siku moja, na Gumba akaivunja kazi ya mwezi mzima.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alisema maradhi hayo hayaponi, hupunguzwa kasi tu. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta mezani amenuna.

"Vitufe vyote nimeviweka kulia," aliniambia. "Miaka yote hii! Wanaotumia kushoto wameteseka kimya."

Akabadili mkono, kama enzi za shubiri, akakipanga kitabu kikitii kidole gumba cha upande wowote. Na kwa kuwa chake kilikuwa kikicheza, alivikuza vitufe hadi yeye mwenyewe asikose. Vijana wa chama walisema sasa vimekuwa kama sahani. Aliwajibu wasubiri wachoke.

Ilibaki sura ya Ukuta Mkubwa, mwamba mrefu kuliko yote, ambao aliupanda akiwa mzima. Aliimaliza kitandani, na mwezi Agosti mwaka huu nimonia ikamlaza hospitali. Binti yake, ambaye naye ni mpanda miamba, alitaka kubaki naye. Gumba alikataa.

"Usipoupanda Ukuta na kitabu hiki, mimi sijamaliza," alimwambia.

Jumamosi tarehe 17 binti alipanda na mwenzake. Mchana ukungu ukashuka, na simu yake haikupatikana. Shemeji alitazama mlango wa wodi, Gumba alitazama saa, mimi niliwatazama wao. Sijawahi kuogopa kiasi kile. Jioni binti aliingia, mikono imejaa chaki.

"Tumefika, baba. Ukungu ulitukuta kileleni. Nilipofungua tu, njia ya kushuka ndiyo iliyokuja."

"Ulishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kamba."

"Basi kimekaa sawa," alisema, akaomba mto uinuliwe ili amtazame vizuri.

Alifariki dunia asubuhi iliyofuata, Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, sote tukiwapo.

Ameacha mjane, binti na mtoto wa kiume, mama yetu, ambaye asubuhi hii amewasimulia habari ya shubiri waliokuja kupanga viti, dada yetu, na mimi. Ameacha pia watu wengi wasiomjua kwa sura, ambao Jumamosi hii watapanda na kurudi nyumbani kwa wenzao. Nina uchungu wa kuondokewa na kaka, lakini kwa kazi yake sina wasiwasi hata kidogo.

Gumba, binti ameshuka. Sasa ipumzishe kwa amani mikono yote miwili.