Uso wa Mama Ukutani

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na lango la sekondari. Birika linakaa juu ya jiko la mkaa, na kila mtu anakijua kikombe chake, hata chenye ufa. Asubuhi hiyo wanafunzi wa uchoraji walikuwa wamefungua maonyesho yao, wazazi wakaalikwa. Fundi, mshonaji wetu, alivuka barabara kwenda kuona kazi ya binti yake, akarudi kabla kahawa yake haijapoa. Binti alikuwa amemchora mama yake, marehemu mke wa Fundi, vile alivyokuwa kitandani: kilemba kichwani, mashavu yamebonyea.

— Kesho namwona mkuu wa shule, Fundi alisema. Uchoraji basi. Ahamie biashara.

— Na mtihani si mwezi ujao? Kinyozi aliuliza.

— Hata ungekuwa kesho.

— Kosa ni la mwalimu, alisema Spika, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Anawaambia watazame kitu mara tatu ndipo wachore mstari mmoja. Mtoto utamfundishaje kukodoa macho hivyo? Mgonjwa anatazamwa mara moja, unainamisha kichwa.

— Mimi ningempa picha ya kitambulisho, Kinyozi alisema. Aichore ile, aongeze nyama kidogo mashavuni. Hata mimi mteja akija amekonda namwachia nywele za pembeni.

— Kinyozi, hapa hatuzungumzii nywele.

— Nasema heshima, bwana.

Fundi alikuwa akikunja na kukunjua tepu yake ya kupimia.

— Miezi yote ile nilidhani anamsomea mama yake kitabu. Mimi niko kwenye cherehani mpaka usiku, natafuta hela ya dawa. Kumbe mwenzangu amekaa pale na penseli.

— Tena ujue zitauzwa, Spika alisema, sauti ikishuka. Kuna matajiri wananunua huzuni za watu, wanatundika sebuleni. Siku moja utaenda dukani, uso wa shemeji yetu uko kwenye kopo la maziwa.

 Kinyozi alimkanyaga Spika mguu.

Mwanamke mmoja alitoka langoni, sketi ya shule mkononi, akaja moja kwa moja kwenye benchi. Hatukuwa tunamfahamu.

— Shikamooni. Nimeambiwa fundi wa nguo anakaa hapa. Hii inataka kupunguzwa kiunoni.

— Marahaba, mama. Lete, Fundi alisema, akaipokea bila kuinua uso.

Mwanamke hakuondoka.

— Samahani, nyinyi ni wa mtaa huu. Mle ndani kuna picha ya mama mmoja mgonjwa, ana kilemba. Mnamfahamu?

Tulimtazama Fundi. Fundi aliitazama sketi.

— Tunamfahamu, Kinyozi alisema.

— Basi niambieni, nimesimama pale nikashindwa kuondoka. Alikuwa anacheka nini?



— Anacheka? Fundi aliuliza.

— Sana, baba. Mpaka jicho moja limefumba. Kwani hujaiona?

— Niliishia mlangoni.

Fundi aliiweka sketi juu ya benchi, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha akavuka barabara, tepu ikining'inia mkononi, na safari hii mlangoni hakusimama.