Sirvart Aliyebaki

Baba Padri, ndugu, majirani, nanyi akina mama wa klabu mliojaza viti vya mbele, mimi ni Zaven, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa.

Dada yetu Sirvart alizaliwa tarehe 11 Machi 1964 hapa hapa mtaani kwetu Burj Hammud, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Mihran na mama yetu Vartuhi, akasoma shule ya kanisa, akamaliza mwaka 1982 vita vikiwa mlangoni, na mwaka 1984 akaajiriwa karani katika kampuni ya bima, ambako barua zote alizotunga yeye zilitiwa saini na wanaume. Tarehe 3 Juni 1989 alifunga ndoa na sonara Garbis Tashjian, wakajaliwa binti mmoja, Lorig, na Garbis akatutoka mwaka 2003.

Mwaka 1998 aliacha bima akaanzisha klabu ya wanawake wenye kazi zao, wakikutana kila Alhamisi kwa kahawa na kutafutiana wateja, naye alimwambia kila mgeni, "Bibie, taja jina lako na kazi yako kwanza, la mume litafuata likitaka."

Julai 2006, mabomu yakianguka, mtangazaji wa redio alimuuliza anakimbilia wapi, naye akajibu, "Mimi? Nimeshateleka birika, nabaki." Neno lile lilienea mji mzima, akaitwa Sirvart Aliyebaki, likachapwa kwenye kadi zake, likamletea mialiko na heshima, na tangu hapo halikumpa nafasi ya kupumua.

Lorig alihamia Montreal mwaka 2015, na alipopata ujauzito alimsihi mama yake aende wakaishi pamoja. Dada alikubali, akauza vyombo vyake kimyakimya, na tarehe 4 Mei 2021 nikampeleka uwanja wa ndege. Kwenye foleni akatokea mwanachama mmoja wa klabu, akapaza sauti kwa furaha, "Dada Sirvart! Usiniambie na wewe unatukimbia!" Dada akacheka, akasema, "Niende wapi, mwenzangu? Namsindikiza huyu mdogo wangu," ikabidi nilishike sanduku lake nijifanye msafiri, kisha tukarudi kwenye nyumba isiyo na hata kitanda. Nikamwambia, "Dada, nenda kesho." Akanijibu, "Zaven, wale wanawake wamesimama juu ya jina hili, nikiliondoa wataangukia wapi?"

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi, dawa zikawa hazipatikani, Lorig akawa analia kwenye simu aende akatibiwe, klabu ikamletea maua na kumpiga picha akitabasamu, na wageni wakishatoka aligeukia ukutani. Hakuwahi kumpakata mjukuu wake, Aren. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Siku chache kabla, alinishika mkono akasema, "Waambie nilitaka kwenda. Na unipeleke." Jana mwenyekiti wa klabu, Bi Huri, aliniomba kwa machozi nisiyasome haya, akisema, "Utatuvunjia dada yetu, na jina la Aliyebaki tumeshaliandika kwenye shada," nikamjibu, "Bi Huri, ameniagiza mwenyewe." Kwa hiyo baada ya ibada hii hatuendi makaburini, jeneza linakwenda uwanja wa ndege, na Lorig anamsubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaikia dawa hadi nje ya nchi, majirani wa ghorofa ya tatu waliompikia supu alipokuwa hali kitu kingine, nanyi wenzake wa klabu, maana mlimpenda kweli.

Nenda kwa amani, dada, ukapumzike kwa mwanao.